Namba zinazolingana na vipande vigeni kwenye bunduki za kale za jeshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa Lubumbashi kwa ajili ya watu wa aina tatu ambao huniuliza bila kuchoka: mjukuu aliyekuta bunduki ya kale katika mali ya marehemu babu yake, mtunza ghala la makumbusho mwenye rafu ya silaha zisizo na maelezo, na ndugu yetu anayeishi Liège, Brussels au Johannesburg, ambako mwenye kibali anaweza kukusanya bunduki za kale kama wengine wanavyokusanya saa au stempu. Wote huleta swali moja lenye sura nyingi: vipande vya bunduki havilingani namba, je, nitafute vinavyolingana au niviache kama vilivyo?

Msimamo wangu nautaja mapema. Kipande kilichowekwa na jeshi, hata kikiwa na namba ngeni, ni sehemu ya maisha ya bunduki hiyo na hakiondolewi kwa ajili ya kupendeza macho. Kipande kilichowekwa na muuzaji ili kuficha kasoro kinaweza kuondolewa. Kazi ngumu ni kujua kipi ni kipi, na ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanahusu kutazama kabla ya kugusa.

## Mambo ya msingi

Watu wanaposema bunduki ina namba zinazolingana, wanamaanisha nini?

Wanamaanisha kwamba namba iliyogongwa kwenye mwili wa bunduki (chuma cha katikati kinachoshika mtutu na bolti) ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye mtutu, kwenye bolti (kile kipande kinachovutwa kwa mkono ili kufunga chemba ya risasi) na kwenye vipande vidogo kama pini ya kugongea, vibanio vya mtutu, sahani ya kitako na hata skurubu.

Sababu ya namba hizo ilikuwa ya kikazi. Viwanda vya Ulaya vya mwisho wa karne ya 19 vilichonga vipande kwa mashine, lakini fundi alivikamilisha kwa tupa mpaka vikakaa vizuri katika bunduki moja. Baada ya hapo bunduki ilifunguliwa tena ili chuma kitiwe ugumu na kupewa rangi yake ya samawati-nyeusi. Bila namba, vipande vilivyorudi kutoka tanuruni vingechanganyika na kazi yote ya tupa ingepotea. Katika bunduki ya Kijerumani ya Mauser K98k, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1935 hadi 1945, vipande vikubwa vilibeba namba nzima, na vidogo vilibeba tarakimu mbili za mwisho tu.

Je, kila bunduki ya jeshi ilipewa namba kwenye vipande vyake vyote?

Hapana, na kutojua jambo hili kumewaharibia watu wengi bunduki nzuri. M1 Garand ya Marekani ina namba ya mfululizo kwenye mwili peke yake. Herufi na tarakimu zinazoonekana kwenye bolti yake au kwenye vipande vya kufyatulia ni namba za mchoro wa kiwandani, na haziwezi kulingana na mwili kwa sababu hazikukusudiwa kulingana. Anayetafuta Garand yenye namba zinazolingana anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwapo.

Kwa upande mwingine, K98k za mwisho wa vita, hasa zile za kuanzia mwisho wa mwaka 1944, zilirahisishwa sana kiwandani, na vipande vingi vidogo vilitoka bila namba. Kukosa namba pale ndiyo hali ya asili. Mtu akikuonyesha bunduki ya mwaka 1945 ambayo kila skurubu yake ina tarakimu mbili safi, uliza maswali mawili zaidi.

Bunduki za pupu za vijijini zinaingia katika mjadala huu?

Haziingii. Pupu ya fundi wa kienyeji hujengwa moja moja na haina namba za kiwanda. Uasilia wake hupimwa kwa njia nyingine kabisa.

## Namna vipande vilivyochanganyika

Kama kiwanda kilijali namba kiasi hicho, mbona bunduki nyingi zina vipande vigeni?

Jeshi halikununua bunduki ili zitunzwe kabatini. Fikiria askari kumi wameketi chini ya mwembe, bolti kumi zimewekwa juu ya turubai moja, zinafutwa mafuta, kisha tarumbeta inalia. Kila mmoja anachukua bolti iliyo karibu. Hilo likitokea mara moja tu, bunduki mbili au tatu zimepoteza ndugu zao milele.

Baada ya hapo huja karakana ya jeshi. Bunduki iliyopasuka mbao hupewa mbao ya nyingine iliyokufa mtutu. Sheria ya karakana ni kwamba bunduki itoke ikifanya kazi, si ikiwa na namba nzuri. Kisha huja ushindi na kushindwa. Jeshi la Urusi ya Kisovieti liliteka K98k nyingi mno, likazifungua, likavilundika vipande vya aina moja pamoja, likaziunga upya kwa ajili ya akiba. Bolti ilipewa namba ya mwili wake mpya, mara nyingi kwa kalamu ya umeme ya kuchorea chuma, na alama ya X ikagongwa kwenye mwili wa nyingi kati yake. Mkusanyaji mgeni akiona maandishi hayo ya kalamu ya umeme husema bunduki imeghushiwa. Haikughushiwa. Ni kazi ya karakana ya jeshi, na inasema ukweli kuhusu mahali bunduki ilipopita.

Waingereza nao walikuwa na desturi yao. Bolti ya Lee-Enfield ilipohamishiwa bunduki nyingine, fundi wa jeshi alipiga mstari juu ya namba ya zamani iliyo kwenye mkono wa bolti, kisha akagonga mpya kando yake. Namba iliyofutwa kwa mstari ni kama hati iliyosahihishwa na kutiwa sahihi: mabadiliko yamefanywa mchana, na mwenye mamlaka.

Ni bunduki zipi za aina hii zinazohusu historia yetu ya Kongo?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu wengi hudhani habari za bunduki za kale ni za Ulaya tu.

Force Publique, jeshi la ukoloni lililoanza katika miaka ya 1880, lilibeba kwa miaka mingi bunduki ya Albini-Braendlin ya milimita 11, ambayo hupokea risasi moja moja kwa kifuniko kinachofunguka kwenda mbele. Baada yake ikaja Mauser ya Ubelgiji ya mwaka 1889, yenye risasi za milimita 7.65 na sanduku la risasi tano. Kampuni ya FN ya Herstal, karibu na Liège, iliundwa mwaka huohuo wa 1889 hasa ili kutengeneza bunduki 150,000 za aina hiyo kwa jeshi la Ubelgiji. Askari wa Kongo waliingia Tabora mnamo Septemba 1916 chini ya uongozi wa Charles Tombeur, wakikabiliana na jeshi la Wajerumani ambalo sehemu yake ilikuwa bado na Mauser za mwaka 1871, za baruti nyeusi, ambazo kila mlio wake ulitoa wingu la moshi lililomfichua mpigaji.

Mauser ya 1889 ni somo zuri la uchanganyifu halali. Wajerumani walipoiteka Liège mwaka 1914, Ubelgiji ilipoteza viwanda vyake, na bunduki hiyohiyo ikaendelea kutengenezwa Birmingham, Uingereza, na vilevile Marekani katika kiwanda cha Hopkins & Allen cha Norwich, Connecticut. Kwa hiyo bunduki ya Kibelgiji yenye mihuri ya nchi mbili au tatu inaweza kuwa ya kweli tupu. Baadaye, kuanzia mwaka 1936, Wabelgiji wenyewe walichukua bunduki za zamani, wakaziwekea mitutu mipya na vilengeo vipya, wakaziita 1889/36. Aliyepata bunduki hiyo akaanza kuirudishia mtutu wa kale wa 1889, anabomoa muundo halali wa mwaka 1936 ili kujenga wa 1889 ambao si wa kweli.

## Kutambua kilicho mbele yako

Nitajuaje kama namba iligongwa kiwandani, karakanani au jana dukani?

Chukua kioo cha kukuzia na tochi ndogo. Zima taa ya chumba, ulaze mwanga wa tochi karibu na chuma, ukitokea ubavuni, ili kila shimo la namba litoe kivuli chake.

Namba iliyogongwa kwenye chuma husukuma chuma pembeni, na kingo za tarakimu huinuka kama midomo ya jeraha. Kiwandani, mara nyingi uso ulisawazishwa na kupewa rangi baada ya kugongwa, kwa hiyo midomo hiyo imelainika, na rangi iliyo ndani ya shimo ni sawa na ya nje. Namba ya jana ina midomo mikali inayokwaruza ukucha, na ndani ya shimo chuma kinang'aa cheupe, au kimepakwa dawa ya rangi ambayo ni nyeusi mno kuliko eneo lote linaloizunguka. Tazama pia umbo la tarakimu. Kila kiwanda kilikuwa na seti yake ya mihuri: mguu wa 4, shingo ya 7 na tumbo la 3 havifanani kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Namba ikiwa na 4 iliyofungwa juu, ilhali mwili una 4 iliyo wazi, simama hapo uchunguze.

Jambo la tatu ni bonde. Ili kufuta namba ya zamani ni lazima chuma kipigwe tupa, na pale palipopigwa tupa huwa chini kidogo kuliko jirani zake. Weka ukingo wa rula juu ya namba, tazama mwanga unaopita chini yake. Macho yanaweza kudanganywa na rangi. Rula haidanganyiki kirahisi.

Tarakimu mbili za mwisho zinalingana. Je, hiyo inatosha kuthibitisha kwamba kipande ni cha asili?

Haitoshi. Tarakimu mbili zina michanganyiko mia moja tu, kuanzia 00 hadi 99, hivyo kipande chochote kilichookotwa katika lundo kina nafasi moja kati ya mia ya kulingana kwa bahati. Wauzaji wenye sanduku kubwa la vipande wanalijua hilo vizuri, na huketi jioni nzima wakilinganisha.

Kilicho na nguvu zaidi ni muhuri wa mkaguzi. Kiwanda cha Mauser cha Oberndorf kilitumia herufi byf wakati wa vita, na cha Steyr kilitumia bnz; kila kimoja kilikuwa na mihuri yake ya ukaguzi yenye tai na namba. Pini ya kugongea yenye tarakimu sahihi lakini muhuri wa kiwanda kingine ni mgeni aliyevaa shati la mwenye nyumba.

Mwili na mtutu vinalingana lakini bolti ni ngeni. Hali hiyo ni ya kawaida?

Ni ya kawaida kuliko zote. Bolti hutoka kwa mkono bila kifaa chochote, na majeshi mengi yalizitunza au kuzisafirisha mbali na bunduki zake kwa usalama. Kuhusu hatari yake, soma jibu la bolti katika sehemu inayofuata.

## Kubadilisha au kuacha

Je, ni salama kuweka bolti nyingine ili namba zilingane, au kutumia bunduki yenye bolti ngeni?

Jibu hili linamhusu mwenye kibali katika nchi inayomruhusu kupiga shabaha, na ningependa alisome polepole.

Bolti hufunga chemba kwa meno yake, na kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi hubaki pengo dogo sana lililopimwa kiwandani kwa bunduki ile moja. Bolti nyingine inaweza kuliongeza pengo hilo. Risasi inapolipuka, ganda lake la shaba nyeupe hunyooka kujaza nafasi iliyopo, na nafasi ikizidi, ganda hukatika karibu na kitako chake. Gesi moto hurudi nyuma, kuelekea jicho la anayelenga.

Ndiyo maana bolti ngeni haiingii katika bunduki inayopigwa mpaka fundi wa silaha aipime kwa vipimo viwili vya chuma, kimoja ambacho bolti lazima ifunge juu yake, na kingine ambacho isifunge. Lee-Enfield No. 4 iliwekewa dawa ya tatizo hili tangu mwanzo: vichwa vya bolti vilitengenezwa kwa vipimo vilivyohesabiwa 0, 1, 2 na 3, na karakana ilichagua kinachofaa. Kwa hiyo kichwa cha bolti chenye namba 3 kwenye No. 4 si kasoro ya ukusanyaji, lakini kinaweza kukuambia kwamba chemba au bolti imeshachakaa.

Ongeza hapo suala la risasi yenyewe. K98k zilizobaki Norwei baada ya vita ziliwekewa mitutu ya risasi za Marekani za 7.62×63, na zile za Israeli zikabadilishwa kwa 7.62×51. Kwa umbo zote ni Mauser, na namba zake zinaweza kukuvutia. Soma muhuri wa kipimo cha risasi kabla ya kusoma namba.

Mbao ya bunduki yangu imepasuka na namba yake si ya mwili. Nitafute mbao nyingine?

Tazama kwanza kama ufa umewahi kutengenezwa. Karakana za jeshi ziliunganisha mbao kwa pini za shaba, kwa vipande vya mti vilivyochongwa kama mkia wa mbayuwayu na kwa gundi, na marekebisho hayo ni mazuri kuyatazama: mti mgeni umeingizwa kwa ustadi kiasi kwamba kidole hakihisi mpaka ulipo. Mbao iliyotengenezwa hivyo ibaki.

Ikiwa mbao imekatwa na mwindaji ili bunduki iwe nyepesi, jambo lililotendeka sana baada ya vita zote mbili, hapo uasilia umekwisha kuondoka na kuirudishia mbao kamili ya aina yake na kipindi chake ni tendo la heshima. Usiigonge namba. Andika mahali pa siri, ndani ya mfereji wa mtutu, mwezi na mwaka wa kazi hiyo kwa penseli.

Je, naweza kugonga namba inayolingana kwenye kipande nilichokinunua?

Usifanye. Hata kama hukusudii kuuza, bunduki itaishi kuliko wewe, na atakayeirithi atadanganywa bila kujua. Nasema hivi nikijua kwamba majeshi yenyewe yaligonga namba upya. Lakini jeshi lilikuwa likiisajili mali yake, na wewe unabuni ushahidi.

Vitu vidogo kama mkanda, singe, ala ya singe na ufito wa kusafishia vina uzito gani?

Vina uzito kuliko watu wanavyodhani. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na singe ya Mauser iliyotoka kwa mjomba wangu, ikiwa ndani ya ala iliyobonyea, yenye namba tofauti kabisa na ya singe. Muuzaji mmoja alinionyesha ala nzuri isiyo na bonyeo, tukabadilishana, na nikarudi nyumbani nikiona nimefanya biashara ya maana. Mwaka uliofuata shangazi alinipa picha ya mjomba akiwa amevaa sare. Katika picha ile, ubavuni mwake, ala inaonekana na bonyeo lilelile, theluthi moja kutoka mdomoni, mahali ambapo kidole changu kilikuwa kimezoea kukaa. Nilikuwa nimetoa kitu pekee ambacho kingeweza kuunganisha singe ile na mtu yule. Muuzaji alikuwa ameshaiuza, na sikuipata tena.

Tangu siku hiyo, kipande chochote ninachokitoa kinafungwa katika kitambaa chenye mafuta pamoja na karatasi inayosema kilitoka wapi na lini, na hakiuzwi.

Je, niipake rangi mpya au niisugue ing'ae?

Hapana. Msasa huondoa mihuri, na mihuri ndiyo inayosimulia. Mafuta mepesi ya mashine na kitambaa cha pamba vinatosha kwa kutu ya juujuu. Mafuta ya kitani kidogo yanatosha kwa mbao kavu.

Hali ya hewa yetu inataka uangalifu wa pekee. Hapa Lubumbashi msimu wa mvua huleta unyevu, na kiangazi huleta vumbi jekundu linaloshika mafuta na kuwa kama msasa. Goma kuna jambo la ziada: moshi wa Nyiragongo hufanya mvua kuwa na asidi, na anayetaka kujua chuma kinavyoteseka atazame mabati ya nyumba zilizo upande wa volkano. Mauser ya 1889 huteseka zaidi kwa sababu mtutu wake umevikwa ganda jembamba la chuma; unyevu huingia katikati ya ganda na mtutu, na kutu hukua pale ambapo macho hayafiki.

Kubadilisha vipande kunapandisha thamani?

Wakusanyaji hulipa zaidi sana kwa bunduki ambayo haikuguswa tangu itoke jeshini. Bunduki ya namba mchanganyiko iliyofanywa ilingane hurudisha gharama mara chache, na ikigundulika hushuka chini ya pale ilipoanzia, kwa sababu mnunuzi sasa anashuku hata vipande vya kweli.

## Sheria na usalama nchini kwetu

Nimerithi bunduki ya kale ya jeshi hapa Kongo. Je, naweza kuiweka nyumbani kama kumbukumbu?

Silaha za moto na risasi nchini zinatawaliwa na Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na msingi wake ni kwamba silaha haishikwi bila kibali. Umri wa bunduki haukuondolei wajibu huo. Nenda kwa mwenye mamlaka pamoja na wakili au mzee anayeheshimiwa mtaani, ukiwa na maelezo na picha, na usibebe bunduki yenyewe barabarani.

Nasisitiza kwa ndugu wa Goma na Bukavu. Katika miji iliyozika watu wengi kwa risasi, bunduki iliyo ukutani, hata ya mwaka 1889, haisomwi na jirani kama historia. Risasi au bomu lililookotwa shambani haliguswi kabisa, na hakuna swali la uasilia linaloweza kuulizwa juu yake. Kwa familia nyingi njia bora ni kuzungumza na makumbusho, kama vile Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na kubaki na nakala ya picha na maelezo.

Ndugu yangu wa Ulaya ana bunduki iliyozimwa. Je, suala la namba bado lina maana?

Lina maana, ila kwa mpaka. Katika Umoja wa Ulaya uzimaji hufuata kanuni ya mwaka 2015, namba 2015/2403, inayoharibu mtutu, chemba na bolti kwa namna isiyoweza kurudishwa. Nchini Ubelgiji ukaguzi hufanywa na Nyumba ya Majaribio ya Silaha ya Liège. Mihuri ya uzimaji huongezwa juu ya ile ya zamani, na vipande vikuu havibadilishwi tena, kwa sababu hati ya uzimaji inavihusu hivyohivyo vilivyo. Kipande kigeni kilichozimwa pamoja na bunduki kimeshakuwa chake kisheria. Mkanda na ufito unaweza kuvitafuta kwa uhuru.

## Hali za pembezoni

Nimeona bolti inauzwa yenye namba nzima ya bunduki yangu. Je, ni yake?

Inawezekana, na matukio hayo yapo, lakini namba za K98k zilianza upya kila mwaka katika kila kiwanda, zikiwa na hadi tarakimu nne na herufi nyuma yake. Namba 4417 yenye herufi d ilitolewa mara nyingi katika viwanda mbalimbali. Linganisha herufi, mihuri ya ukaguzi na umbo la tarakimu kama ilivyoelezwa katika jibu la kutambua namba. Vikikubaliana vyote, inunue, iweke pamoja na bunduki, na bolti ya awali isitupwe.

Bunduki mbili katika ghala letu zimebadilishana bolti. Tuzirudishe?

Kama daftari la ghala linaonyesha kwamba kosa lilifanywa na wafanyakazi wa makumbusho wakati wa kusafisha, rudisheni na mwandike. Kama bunduki ziliingia hivyo kutoka jeshini, ziacheni: huenda wenye bunduki hizo walikuwa kikosi kimoja, walikaa chini ya mwembe uleule, na kubadilishana huko ndiyo ushahidi pekee uliobaki kwamba walijuana.

Mbao ina namba ngeni, lakini imechorwa kwa kisu: herufi mbili, msalaba mdogo na mistari tisa. Nimepata mbao safi yenye namba sahihi. Nifanye nini?

Acha mbao iliyochorwa mahali pake. Askari wa Force Publique wengi hawakuandikwa jina katika kitabu chochote tunachoweza kukifungua leo, na herufi mbili alizozichora mmoja wao kwa kisu ni jina lake lote lililobaki. Piga picha ya michoro hiyo kwa mwanga wa ubavuni, pima urefu wa kila mstari, tazama kama kingo zimelainishwa na mkono au bado ni kali. Zikiwa zimelainika, na uchafu wa mafuta umeingia ndani ya mistari na kuwa mweusi kama sehemu nyingine ya mbao, michoro ilibebwa miaka mingi. Mbao safi yenye namba sahihi mnunulie mwenye bunduki iliyokatwa na wawindaji, kama unamjua, ndiye anayeihitaji.